Keane, Neville, Carragher au Henry: mechi ikiisha umsikilize nani?

Manchester United ikifungwa Jumapili, Jumatatu asubuhi simu imeshajaa. Roy Keane kanuna. Gary Neville anachora duara kwenye skrini na kuuliza beki wa kushoto alikuwa wapi. Jamie Carragher anabishana na Neville kuhusu duara hilo hilo. Ukifika usiku wa Ligi ya Mabingwa, Thierry Henry anainua nyusi tu katika studio nyingine kabisa, watu wanakata kipande hicho na kukisambaza hadi kwenye magrupu ya familia. Bando ni moja, na hata foleni ya Mbagala haitoshi kuwasikiliza wote.

Ulinganisho huu ni kwa mtu anayetaka mchambuzi mmoja wa kumfuata msimu mzima, au wawili wa kupokezana. Hawa wanne nimewachukua kwa sababu wote walicheza kwa kiwango cha juu, wote wamekaa kwenye uchambuzi miaka ya kutosha, na wote bado wanagombanisha watu kijiweni. Peter Drury nimemwacha makusudi. Yule ni mtangazaji, kazi yake ni zile dakika 90 zenyewe, na aliyemsikia akilitangaza bao la Siphiwe Tshabalala dhidi ya Mexico, tarehe 11 Juni 2010, kuwa ni bao la Afrika nzima, hahitaji ushauri wangu. Gary Lineker naye nimemweka kando. Aliiongoza Match of the Day ya BBC kuanzia 1999 hadi Mei 2025, lakini mwongozaji wa meza hupimwa kwa mizani nyingine: kazi yake ni kuwafanya wenzake waongee.

Na niliseme mapema: mimi ni mnazi wa Arsenal. Ukiona nampamba Henry, punguza chumvi mwenyewe.

Tunawapima kwa nini

Nimetumia maswali matano. Anakuongezea nini ambacho hukukiona kwa macho yako? Anaweza kuisema timu yake? Akikosea anafanyaje? Kiingereza chake kinashikika kwa sikio letu? Na la mwisho, kwa nini bado yupo wakati wenzake wengi walikuja na kupotea?

Utabiri sikuuweka kabisa. Wote wanne hutabiri ovyo kama mimi na wewe, na sijawahi kuona shabiki aliyemwacha mchambuzi kwa sababu alikosea nani atachukua ubingwa.

Kuna jambo moja la kukumbuka kabla hatujaanza. Huku kwetu Ligi Kuu ya England tunaiangalia SuperSport, kwa hiyo studio ya Sky, kituo cha Uingereza, haituingii sebuleni moja kwa moja. Tunawajua watu hawa kwa vipande vya YouTube, TikTok na Instagram. Kipande cha sekunde 40 kinambeba sana Keane, maana hasira haihitaji utangulizi. Kinamwonea Carragher, ambaye hoja yake mara nyingi huanza kwenye mechi ya wiki tatu nyuma na kumalizikia kwenye namba. Ukiona kijiwe kizima kinampenda mmoja na kumchukia mwingine, uliza kwanza waliona dakika ngapi.

Anakuongezea nini

Tuanze na Henry, kwa sababu mfano wake ndio ninaopenda kuwapa watu wanaodai wachambuzi hawana maana.

Alipokuwa Sky, Henry alieleza jinsi Pep Guardiola alivyoipanga Barcelona. Kuanzia golini kwenu hadi karibu na theluthi ya mwisho ya uwanja, kila mtu anakaa nafasi yake na kusubiri mpira umfikie. Mkishaingia theluthi ile, mko huru. Siku moja Henry, aliyepangwa kushoto, alichoka kusubiri. Mpira haumfikii, akahamia upande wa pili kuufuata, na akafunga. Kipindi cha kwanza kilipoisha, kocha akamtoa. Amefunga na ametolewa! Ukishaisikia hadithi hiyo kutoka kwa mtu iliyemtokea, hutamwangalia tena winga wa Manchester City ya Guardiola aliyesimama kwenye chaki dakika 20 bila kugusa mpira ukadhani ni mvivu. Kaambiwa asimame pale. Akiondoka, beki anayemkaba naye anaondoka, na katikati panajaa watu.

Hicho ndicho Henry anachokupa: jicho la mshambuliaji aliyefungia Arsenal mabao 228 na baadaye akalazimishwa kujifunza mpira upya akiwa na miaka 30. Mwili wa mshambuliaji ulikuwa unatazama wapi, kwa nini mguso wa kwanza uliharibu kila kitu, kwa nini kipa alilala mapema. Udhaifu wake ni kwamba mechi mbovu, ya 0–0 ya kupigana vikumbo, haimpi la kusema. Unamwona amechoka.

Neville anaona kutokea nyuma. Alicheza mechi 602 United, nyingi akiwa beki wa kulia, na beki wa pembeni hutumia maisha yake yote kutazama uwanja mzima kwa jicho la ubavuni. Alipoingia Sky mwaka 2011 akitokea moja kwa moja kwenye kustaafu, watu walitarajia shabiki wa United mwenye kipaza sauti. Wakakuta mtu anayesimamisha picha na kukuonyesha kwamba bao halikuanzia kwa beki aliyepitwa. Lilianza sekunde nane kabla, kiungo aliposhindwa kuziba njia. Anao pia uwezo wa kuongea wakati mpira unachezwa, ambao si kila mchambuzi anao. Ile kauli ya "bottle jobs", yaani waoga wa mabilioni, aliyoipachika Chelsea kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Februari 2024, Virgil van Dijk alipofunga kwa kichwa dakika ya 118, ilitoka palepale kwenye muda wa nyongeza. Mashabiki wa Chelsea hawajamsamehe hadi leo.

Carragher anafanya kazi ya nyumbani kuliko wote. Ukitazama Monday Night Football kamili, kile kipindi cha Sky cha Jumatatu usiku, sio vipande, utagundua kwamba yeye ndiye anayekuja na mpangilio wa hoja: alivyokaba fulani Agosti, anavyokaba sasa, kilichobadilika katikati. Mechi zake 737 za Liverpool zilimpitisha kwa makocha wa kila aina, na alikuwa beki ambaye hakuwa na kasi. Beki asiye na kasi huishi kwa kusoma mchezo. Pale mezani anausoma hivyo hivyo.

Keane hachori. Ukitaka kujua kwa nini presha ya timu ilivunjika upande wa kulia, usimfuate. Anachokupa ni kipimo: mchezaji wa timu kubwa anatakiwa kufanya nini hata siku ambayo si yake. Mtu aliyeongoza United kutoka 2–0 nyuma hadi 3–2 dhidi ya Juventus mjini Turin, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 1999, akafunga bao la kwanza kwa kichwa, akapewa kadi ya njano iliyomkosesha fainali, na bado akaendelea kukimbia, ana haki ya kuuliza mbona wewe unatembea. Wanaosema Keane hana uchambuzi wanasema kweli nusu. Kuna mechi ambazo hazihitaji mishale. Timu haikukimbia, basi.

Anaweza kuisema timu yake?

Hapa ndipo shabiki wa kawaida anapoamua, akubali asikubali. Sisi tunamwamini mtu anayewasema wa kwao.

Keane anaongoza kwa mbali. Tarehe 19 Juni 2020, Tottenham na United zilipokuwa mapumziko, aliwashukia Harry Maguire na David de Gea baada ya bao la Steven Bergwijn kwa maneno ambayo mzee angeyasema kwa kijana aliyeuza shamba la ukoo. Kipa, alisema, hangemruhusu hata kupanda basi la timu. Achukue teksi mwenyewe kurudi Manchester. Tabia hiyo hakuianzia studio. Mwaka 2005, akiwa bado nahodha, aliwasema wenzake kwenye mahojiano na televisheni ya klabu baada ya kipigo cha 4–1 kwa Middlesbrough, na mwezi Novemba akawa ameshaondoka.

Neville ana siku yake kubwa pia: tarehe 18 Aprili 2021, habari za European Super League, ligi ya kujitenga ya klabu kubwa za Ulaya, zilipovuja. Alikuwa kazini kwenye mechi ya United na Burnley, akageuza kipindi kizima kuwa mashtaka dhidi ya wamiliki, akianza na wa United aliyoichezea maisha yake yote. Ndani ya siku chache mpango ulikuwa umeshaanguka kwa upande wa Waingereza. Haukuangushwa na yeye peke yake; mashabiki waliingia barabarani. Lakini sauti yake ndiyo iliyowahi. Kinachowaudhi baadhi ya watu ni kwamba kwa kocha wa United Neville huwa na subira ndefu, halafu lawama zote zinaenda kwa wamiliki. Kocha akiwa rafiki au mchezaji mwenzake wa zamani, subira inarefuka zaidi.

Carragher aliipenda Everton utotoni, akafia Liverpool, na anaisema Liverpool bila kusukumwa. Tofauti yake na Keane ni kwamba yeye hueleza kwa nini, jambo ambalo kwa shabiki aliyefungwa usiku ule ni adhabu mara mbili.

Na Henry wangu? Huyu alianza kwa upole mno. Miaka yake ya kwanza Sky watu walilalamika kwamba anaogopa kumkwaza mtu. Lakini mwaka 2015 alisema Arsenal haiwezi kuchukua ubingwa ikimtegemea Olivier Giroud, na maneno hayo yalimchoma Giroud kwelikweli. Mwaka 2016 Arsène Wenger alimpa achague: kufundisha vijana wa Arsenal au kuendelea na televisheni. Akachagua televisheni. Kwa hiyo hata yeye ameshalipa kwa mdomo wake, ingawa siku hizi Arsenal ikishinda tabasamu linamwahi kabla ya uchambuzi.

Akikosea anafanyaje

Kigezo hiki kinamhusu Carragher kuliko wengine, na kinatuhusu sisi.

Februari 2025, baada ya Liverpool kuifunga Manchester City 2–0 pale Etihad, mazungumzo yalikuwa Mohamed Salah na Ballon d'Or. Carragher akasema tatizo la Salah ni kwamba Misri haichezi mashindano makubwa kwa namna ambayo ingemsaidia, na AFCON haitazamwi hivyo. Wenzake mezani walishtuka hapo hapo. Bara zima likaamka. Kwetu lilikuwa na uchungu wa ziada, kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania ndizo zilizopewa AFCON ya 2027. Unajenga viwanja halafu mtu anakwambia harusi yako ni kikao.

Ukiitazama hoja yake kwa utulivu, sehemu moja ilikuwa na mantiki: alikuwa anazungumzia macho ya wapiga kura wa tuzo, na wapiga kura hao kweli wana upofu wao. Sehemu nyingine ilikuwa dharau, iwe alikusudia au hakukusudia. Baadaye alirudi hewani na kukiri kwamba maneno yake hayakukaa vizuri. Sio mara ya kwanza kurudi hivyo. Mwaka 2019 alimwomba radhi Patrice Evra uso kwa uso studio, kwa zile fulana ambazo wachezaji wa Liverpool walivaa mwaka 2011 kumtetea Luis Suárez, aliyefungiwa kwa kumtolea Evra maneno ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2018 alisimamishwa kazi na Sky hadi mwisho wa msimu baada ya kutema mate kuelekea gari la shabiki wa United aliyemtania, akaomba radhi, akarudi. Na Mei 2024, United ilipochapwa 4–0 na Crystal Palace, alimshauri Casemiro auache mpira kabla mpira haujamwacha yeye. Mwaka mmoja baadaye Carlo Ancelotti akamwita Casemiro timu ya taifa ya Brazil.

Mashabiki wamegawanyika hapa. Wapo wanaosema mtu anayeomba radhi kila baada ya miaka michache angefunga mdomo kidogo. Wapo wanaosema heri huyo kuliko asiyerudi kabisa. Mimi niko na kundi la pili, ila ile ya AFCON bado inanikaa kooni.

Keane harudi. Desemba 2022, Brazil walipocheza densi kila walipoifunga Korea Kusini kwenye Kombe la Dunia, yeye aliona ni dharau kwa mpinzani, hasa kocha Tite alipojiunga. Huku kwetu, ambako mchezaji akifunga bila kucheza watu wanauliza kama ana msiba, kauli ile ilipokelewa kama kichekesho. Hakubadili neno. Aliyemgusa kidogo ni Jürgen Klopp, Septemba 2020: Liverpool imeifunga Arsenal 3–1, Klopp anasikia Keane akisema kuna nyakati walicheza kizembe, na palepale hewani akamuuliza kama kweli ndivyo alivyosema. Keane alijieleza kwamba aliwasifu sana, na kweli aliwasifu, lakini kwa sekunde chache yule simba alionekana anatafuta mlango.

Neville kosa lake kubwa halikuwa la maneno. Desemba 2015 aliacha meza akaenda kuifundisha Valencia. Februari 2016 akafungwa 7–0 na Barcelona kwenye nusu fainali ya Copa del Rey, Machi akatimuliwa. Tangu hapo kila anapomkosoa kocha, kuna mtu anaandika "Valencia" tu, neno moja, na mjadala umekwisha. Mwenyewe ameligeuza kuwa sehemu ya utani wake, na hilo limemsaidia. Ambalo hajalitua vizuri ni kwenda kufanya kazi na beIN, kituo cha Qatar, wakati wa Kombe la Dunia la Qatar, ilhali mwenyewe hupenda kuzungumzia haki za wafanyakazi.

Henry naye alionja ukocha Monaco kuanzia Oktoba 2018 hadi Januari 2019, ukawa mfupi na mchungu, ingawa mwaka 2024 aliipeleka Ufaransa hadi medali ya fedha ya Olimpiki ya Paris. Kosa lake linalokumbukwa zaidi lilikuwa uwanjani: mkono wa Novemba 2009 uliowatoa Waayalandi kwenye njia ya Kombe la Dunia. Alikiri kwamba aliushika. Cha kuchekesha ni kwamba Mwayalandi mmoja aliyewaambia wenzake waache kulia alikuwa ni Keane.

Ile hoja ya kijiweni, "kama anajua sana mbona hakuweza kufundisha?", naomba tuipunguzie uzito. Keane aliipandisha Sunderland Ligi Kuu mwaka 2007 ikiwa bingwa wa daraja la pili, halafu akashindwa Ipswich. Carragher hajawahi kujaribu kabisa. Kwa hesabu hiyo Keane ndiye angekuwa mchambuzi bora wa mbinu, na hakuna anayeamini hivyo, hata Keane.

Kiingereza chao na masikio yetu

Henry ndiye rahisi kwetu. Anaongea taratibu, anaacha mapengo, anarudia jambo kwa njia mbili, kama mtu yeyote aliyejifunza lugha ukubwani. Keane ana lafudhi ya Cork lakini sentensi zake ni fupi, na uso unatafsiri zilizobaki. Neville anaeleweka ila anaongea kama anayefukuza basi. Carragher ndiye mtihani: lafudhi ya Bootle, kasi, na sauti inayopanda akikolezwa. Hata yale maandishi ya YouTube ya chini ya video huchanganyikiwa naye. Mpe wiki tatu, sikio litamzoea. Ukiona bado, mtazame akiwa kwenye skrini ya mbinu, kwa sababu picha itakusaidia.

Kwenye kibanda umiza swali hili halipo. Sauti ya televisheni imezimwa au imemezwa na kelele, kwa hiyo pale anashinda mwenye uso.

Kwa nini bado wapo

Kila msimu studio zinaingiza mchezaji mpya aliyestaafu juzi, mwenye jina na suti, na wengi hupotea kabla hujajua wanaamini nini. Hawa wanne hawajapotea kwa sababu msimamo wa kila mmoja unaujua kabla hajafungua mdomo, lakini hujui ataufikishaje. Unajua Keane atakasirika. Hujui kwamba atamwitia kipa teksi.

Sababu ya pili ni wenzao. Keane peke yake ni mzito. Mweke karibu na Micah Richards anayecheka hadi anashika meza, au Ian Wright anayesikitika kwa moyo wote, na ghafla ukali wake unapata ladha. Neville na Carragher wanaishi kwa utani wa United na Liverpool, na sisi tuliolelewa na Simba na Yanga hatuhitaji maelezo: wanatupiana maneno usiku kucha na kesho wanakula pamoja. Henry anakaa na Carragher huyo huyo kwenye meza ya Ligi ya Mabingwa ya CBS Sports, kituo cha Marekani, na kule Carragher anakuwa mtu mwingine, mwepesi zaidi, kwa sababu mbele yake kuna Mfaransa aliyeshinda kila kitu na anayemkumbusha kila wiki kwamba yeye ubingwa wa ligi hakuugusa.

Neville amejijengea na nyumba yake mwenyewe. The Overlap aliianzisha yeye, na kipindi chake cha Stick to Football kinamkutanisha na Keane, Carragher, Wright na Jill Scott kwa saa nzima bila skrini wala mishale. Kama unamjua Keane kwa vipande vya hasira pekee, pale utakutana na mtu mcheshi wa kuudhi, anayesikiliza kuliko anavyoongea.

Sasa wewe umchukue nani

Kama timu yako imefungwa na unataka mtu akusemee yaliyokukaa moyoni, nenda kwa Keane. Usimtazame timu yako ikishinda. Atakutafutia kasoro usiku wa furaha. Na kwa mwenye bando dogo ndiye anayelipa zaidi kwa sekunde.

Kama unafundisha timu ya mtaa au ya shule, au unacheza nyuma, mchukue Neville kwenye vipande vya skrini ya mbinu, hasa anapozungumzia beki wa pembeni aelekeze wapi kifua chake mpira ukiwa upande wa pili. Mshambuliaji amfuate Henry, na atafute vile vipande virefu vya zamani vya Sky, maana kwenye CBS mzaha unakula muda wa somo.

Kama kijiweni kwako kuna yule jamaa asiyeshindwa ubishi, Carragher ndiye atakayekupa silaha. Chukua hoja yake, pima mwenyewe kama namba zinasimama, ndipo uende nayo. Kumnukuu moja kwa moja sikushauri, kwa sababu mtu atakutajia AFCON na utakuwa umeishiwa.

Shabiki wa United ana bahati na mkosi: wawili kati ya wanne ni wa kwake. Amchukue Neville kuelewa klabu inaendeshwaje, na Keane kuelewa kwa nini inauma. Shabiki wa Arsenal atakwenda kwa Henry hata nikimkataza, ila kwa ukweli mchungu kuhusu Arsenal amsikilize Carragher, ambaye hana sababu ya kutupaka mafuta.

Anayejifunza Kiingereza kupitia mpira aanze na Henry, kisha Keane, kisha Neville. Carragher awe wa mwisho.

Mwenye saa nzima na hataki kuchagua, Stick to Football inampa watatu kwa mpigo, afungulie sauti tu akiwa anapika au anaendesha.

Na ikifika 2027, AFCON ikianza kwenye viwanja vyetu, hakuna kati ya wanne hawa ninayeweza kukushauri umtegemee. Hawajawahi kumtazama beki wa kushoto wa Uganda akicheza ligi ya nyumbani, wala hawajui kwa nini uwanja wa ugenini kule Kaskazini unawachosha vijana wetu. Kwa wiki zile rudi kwa wachambuzi wa redio na televisheni za huku, chagua yeyote anayetaja majina ya wachezaji wa pande zote mbili bila kusoma karatasi.